Kuwasha moto kukinyesha: Ujuzi ambao kiberiti kilitusahaulisha

KATIKA masomo ya historia ambayo wengi wetu tulipitia shuleni, habari za moto humalizwa kwa sentensi moja: ati mababu zetu waliwasha moto kwa kusugua vijiti viwili. Mwalimu huisoma, wanafunzi huikariri, mtihani huiuliza na mambo hukomea hapo. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza swali ambalo mtoto yeyote aliyelelewa Limuru, Kericho au Meru alipaswa kuuliza: je, kukinyesha?

Swali hili si la mzaha. Mwezi Januari, jua linapochoma na majani yanavunjika mkononi, labda vijiti viwili vitatosha. Lakini njoo Aprili, masika yamekolea, ukungu umelalia msitu wa Nyandarua na kila unachokishika kinadondosha maji. Hapo utasugua hadi viganja vichubuke usipate hata harufu ya moshi. Na bado watu waliishi katika misitu hiyo na kandokando yake kwa karne nyingi. Walikula chakula kilichoiva, wakaota moto, wakafukuza nyuki kwa moshi na kurina asali. Walifanyaje?

Hoja yangu leo ni kwamba sentensi ile ya shuleni ni nusu ya ukweli, na nusu iliyoachwa nje ndiyo yenye elimu kubwa zaidi. Vijiti vilikuwa zana tu. Ujuzi wenyewe ulikuwa wa ukavu: kuujua ulipojificha wakati dunia nzima imelowa, kuutunza, na kuubeba. Ujuzi huo haukuandikwa sana na waliotunga kamusi na vitabu vyetu, na leo unaondoka pamoja na wazee wanaoujua.

Maji ni mwizi wa joto

Tuanze na sayansi kidogo, kwa sababu bila hiyo hatutathamini walichokifanya wazee wetu. Ukuni haushiki moto hadi joto lake lifike takriban nyuzi 300 za Selsiasi. Maji nayo huchemka kwa nyuzi 100, na maadamu kuna maji ndani ya ukuni, joto linaloletwa hutumiwa kwanza kuyageuza yawe mvuke. Kazi hiyo ni ghali ajabu. Nishati ya kugeuza kilo moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke inazidi mara tano ile ya kuyapasha kutoka baridi ya barafu hadi kuchemka.

Sasa fikiria cheche. Ni kitu kidogo kuliko punje ya mtama na joto lake ni la muda mfupi tu. Ukiiweka juu ya ukuni uliolowa, maji yataiiba joto lote kabla haijafanya lolote. Ndiyo maana mtu anayewasha moto mvuani hashindani na mvua inayotoka mawinguni pekee. Anashindana na ile iliyokwisha kuingia ndani ya kuni. Na ndiyo maana suala la kwanza si nani ana nguvu za kusugua, bali ni nani ana kitu chepesi na kikavu cha kuipokea cheche ikizaliwa.

Ulindi, gĩka na olpiron

Kiswahili kina neno mahususi kwa kazi hii, nalo si kusugua. Ni kupekecha. Anayepekecha huusimamisha ufito mgumu juu ya kipande cha mti laini chenye kishimo, akauzungusha kwa viganja viwili huku akiukandamiza chini. Viganja huteremka, hurudishwa juu upesi, huteremka tena. Unga laini hutoka kwenye kishimo, hugeuka mweusi, kisha huanza kufuka. Ndani ya unga huo ndimo kaa dogo huzaliwa.

Ule ufito unaozungushwa huitwa ulindi. Neno hilo limo katika kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, na kando yake kuna neno jingine la zana hizo za kupekechea moto, ulimbombo. Nimewahi kuuliza darasa la wanafunzi wa shahada ya kwanza ya Kiswahili maana ya ulindi, nao wakanijibu kwa kauli moja kuwa ni kazi ya mlinzi. Siwalaumu. Hawajawahi kuuona.

Lakini ulindi si mali ya Pwani pekee. Wakikuyu huuita ufito huo rũrĩndĩ, na kile kipande cha chini huitwa gĩka. Msomaji anayejua namna lugha za Kibantu zinavyofuatana ataona mara moja: pale Kiswahili kinaposema l, Kikuyu mara nyingi husema r, na kiambishi u- cha Kiswahili husimama mahali pa rũ- ya Kikuyu. Ulindi na rũrĩndĩ ni ndugu. Maneno hayo mawili yanatuambia kwamba mpishi wa Mombasa na mchungaji wa Nyeri, wasioonana maishani, walishika zana moja na kuiita kwa jina lililotoka kinywa kimoja cha kale.

Wamaasai nao, ambao lugha yao si ya Kibantu, wana jozi hiyohiyo. A. C. Hollis, katika kitabu chake kuhusu Wamaasai kilichochapishwa Oxford mwaka 1905, alieleza kwamba kijiti kigumu huitwa olpiron na ubao wa chini entoole. Tazama viambishi: ol- ni alama ya kiume katika Kimaasai na en- ni ya kike. Sarufi yenyewe imeufanya moto kuwa mtoto wa ndoa.

Isitoshe, Wamaasai na Wasamburu walilitoa neno hilo mekoni wakalipeleka katika siasa. Vijana wanapoingia rika jipya, wazee wa rika lililowatangulia kwa hatua mbili huwawashia moto, na kuanzia siku hiyo huwa walezi wao: huwashauri, huwakemea, na vijana huogopa laana yao. Uhusiano huo huitwa olpiron, yaani kwa jina la kijiti cha moto. Paul Spencer, aliyeishi na Wasamburu na kuchapisha utafiti wake mwaka 1965, aliuona uhusiano huo kuwa nguzo ya mamlaka ya wazee. Jamii haiweki jina la kitu cha mchezo kwenye nguzo ya utawala wake.

Chakula cha cheche

Hata hivyo, kaa dogo lililozaliwa kwenye kishimo hufa kwa sekunde chache lisipolishwa. Hapa ndipo penye siri ya mvuani, na hapa ndipo vitabu vinaponyamaza.

Katika nyanda zetu za juu, mlishaji mkuu wa cheche ni mti ambao Wakenya wengi huupita bila kuutazama: mtarakwa. Wakikuyu huuita mũtarakwa, Wakalenjin na Waogiek tarakwet, Wamaasai oltarakwai. Jina moja limevuka mipaka ya lugha za Kibantu na za Kiniloti, na jina halivuki mipaka hivyo ila kitu chenyewe kikiwa na manufaa. Gome la mtarakwa huchunika kwa vipande virefu vyembamba vyenye nyuzinyuzi. Nje linaweza kuwa limelowa chapachapa, lakini limepandana kwa tabaka, na tabaka za ndani hubaki kavu. Ukizichuna, ukazifikicha kati ya viganja hadi nyuzi zifumuke kama pamba, unapata kitu kama kiota cha ndege. Kaa huwekwa katikati ya kiota hicho. Mtu hukikunja taratibu, huvuvia kwa pumzi ndefu isiyo na haraka, moshi mweupe huzidi kuwa mzito, na ghafla ulimi wa moto huchomoza.

Zingatia neno kuvuvia. Anayepuliza kwa nguvu huzima. Tena pumzi ya mtu ina unyevu, kwa hiyo aliyezoea hainamii kiota kwa karibu mno. Hukiinua kidogo ili joto lipande na unyevu usirudi.

Baada ya hapo hufuata hatua ya pili, nayo ina kanuni zake. Usiokote kuni zilizolala ardhini, kwa kuwa ardhi imezinywesha maji. Tafuta tawi lililokufa likiwa bado limesimama au limenaswa hewani, kwa sababu maji hulitiririka badala ya kulilalia. Ukilivunja likalia ka!, ni kavu ndani. Likipinda kimya, liache. Lipasue, kwani mvua huloweka ngozi ya mti kabla ya kiini. Kwa ncha ya kisu kwangua kiini hicho kitoe vibanzi vyembamba. Panga vigogo chini kwanza ili moto usikae juu ya matope, na uzungushe kuni nyingine kando ya moto zijikaushe zikisubiri zamu yao. Moto wa mvuani huanza mdogo kama mtoto mchanga. Anayeurundikia kuni kubwa mapema anauzika.

Lakini mwerevu hakungoja mvua inyeshe ndipo atafute ukavu. Katika nyumba ya Wakikuyu kulikuwa na itara, uchaga uliotandazwa juu ya meko. Kuni za masika ziliwekwa humo, moshi na joto la kila siku vikazikausha hadi zikawa nyeusi kwa masizi. Mvua ilipokuja, mama alinyoosha mkono tu. Mwindaji naye alibeba nyuzi zake kavu mahali ambapo mvua haifiki: ndani ya mfuko wa ngozi, karibu na mwili wake. Unaona, msomaji? Anayetuambia kuwa wazee walisugua vijiti viwili anatuonyesha dakika tano za mwisho za kazi iliyochukua miezi mitatu.

Afadhali kuubeba kuliko kuuzaa

Isitoshe, katika siku nyingi za mwaka watu hawakupekecha kabisa. Waliutunza moto uliokuwapo. Jioni, kaa kubwa lilifukiwa katika jivu. Alfajiri lilifukuliwa likiwa bado hai. Lilipokufa kwa bahati mbaya, mtoto alitumwa kwa jirani na kigae au kifuu mkononi. Kiswahili kina neno la kazi hiyo: kupalia moto, yaani kuchota makaa kutoka meko moja hadi jingine. Kina pia kinga, kipande cha ukuni kinachowaka ncha moja, kinachoweza kubebwa. Maneno haya mawili yanathibitisha kwamba moto ulikuwa kitu cha kuazimana. Jirani aliyekunyima chumvi ungemsamehe. Aliyekunyima moto wakati wa mvua alikuwa ametangaza uadui.

Ushahidi mkubwa wa busara hiyo unatoka katika msitu wa Ituri, kaskazini mashariki mwa Kongo, eneo ambalo misafara ya wafanyabiashara kutoka Pwani ililifikia katika karne ya 19 na kuacha Kiswahili kinachosemwa huko hadi leo. Colin Turnbull, aliyeishi na Wambuti na kuchapisha kitabu juu yao mwaka 1961, aliandika kuwa watu hao hawakuwa na desturi ya kuzalisha moto. Waliubeba. Wanapohama kambi, kaa hufungwa ndani ya majani mabichi manene, likasafiri likifuka polepole, na wanapotua hufunguliwa na kuvuviwa.

Wapo wasomaji wa Ulaya waliodhani hiyo ni dalili ya ujinga. Mimi nauliza: katika msitu ambao haupiti muda mrefu bila mvua, ambamo miti imelowa hadi kiini, mjinga ni nani? Ni yule anayebeba kaa hai au yule anayejitia kupekecha ufito uliolowa? Mtu huacha kuzalisha kitu anapojua namna ya kutokikosa.

Kupekecha kulibaki kwa dharura na kwa ibada. Waandishi wa karne ya 19 waliofika Unguja na pwani ya bara wameeleza kuwa Siku ya Mwaka, Waswahili walizima moto wa zamani, majivu yakatupwa, kisha moto mpya ukapatikana kwa kupekecha. Viberiti vilikuwa vimeshafika madukani wakati huo, lakini havikutakiwa kwa kazi hiyo. Mwaka mpya ulihitaji moto usio na deni kwa mtu. Mabaki ya heshima hiyo kwa moto yanaonekana Makunduchi, kusini mwa Unguja, ambako kila mwaka katika sherehe ya Mwaka Kogwa kibanda cha makuti huchomwa.

Kiberiti kaingia na ki- yake

Kiberiti chenyewe kina historia fupi. Mwingereza John Walker wa Stockton-on-Tees aliuza vijiti vya kwanza vya kukwaruza mwaka 1827. Gustaf Erik Pasch wa Uswidi alipata hataza ya kiberiti salama mwaka 1844, mwaka uleule Krapf alipotia nanga Mombasa, na ndugu wawili wa ukoo wa Lundström wakakitengeneza kwa wingi huko Jönköping. Ndani ya miongo michache kilikuwa kimesambaa duniani.

Waswahili walikipokea kwa neno la Kiarabu kibrit, lenye maana ya salfa, ile dawa ya manjano inayonuka. Halafu lugha ikafanya kile inachokifanya vizuri: ikaiona ki- ya mwanzo, ikaidhania kuwa yake, na kuunda wingi viberiti, kama ilivyofanya kwa kitabu na vitabu. Mgeni akapewa uraia siku hiyohiyo. Ulindi na ulimbombo, wenyeji wa tangu jadi, wakafungashwa virago wakahamia kwenye kurasa za kamusi zisizofunguliwa.

Sisemi tungebaki bila viberiti. Hakuna mama atakayeacha kiberiti cha shilingi chache akapekeche. Ninachosema ni kwamba kiberiti kilichukua kazi ya ulindi peke yake. Hakikuchukua kazi ya gome la mtarakwa, wala ya itara, wala ya jicho linalojua tawi kavu kwa mlio wake. Kijiti kinachowaka sekunde kumi hakiwezi kukausha gogo. Sisi tulipokipata tukadhani tumepata yote, tukatupa na yale ambayo kiberiti hakiyawezi. Na kiberiti chenyewe, kikilowa, ni takataka mfukoni.

Historia yetu ya karibuni ina mahali ambapo jambo hili lilikuwa la kufa na kupona. Baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 20, 1952, maelfu ya watu waliingia misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya. Wengi walitoka mashambani na mijini. Walikuwa makarani, mafundi, wanajeshi wa zamani. Walijikuta katika ukanda wa mianzi, kwenye mwinuko wa takriban mita 2,400 hadi 3,000, mahali ambapo usiku huganda na mvua haina adabu. Juu yao zilipita ndege za Harvard, kisha za Lincoln zilizodondosha mabomu.

Hapo moto ulikuwa rafiki na msaliti. Bila moto, baridi na njaa viliua. Lakini kuni zilizolowa hutoa moshi mzito, kwa kuwa maji yanayopoza moto huacha sehemu kubwa ya ukuni ikiruka hewani bila kuungua, na moshi huo ukichomoza juu ya miti mchana ulikuwa kama bendera. Kumbukumbu za wapiganaji zinaeleza walivyojizuia kupika mchana. Kutambua kuni kavu hakukuwa tena ujuzi wa mpishi. Kulikuwa ujuzi wa askari. Mwanzi mkavu una moshi mchache, lakini usipopasuliwa, hewa iliyofungiwa kati ya vifundo hupanuka ukalipuka kwa kishindo kama cha risasi. Fikiria mtu aliyekulia Nairobi akijifunza hilo kwa mara ya kwanza huku doria iko ng'ambo ya bonde.

Serikali ya kikoloni nayo ilijua thamani ya vitu vidogo. Kuanzia 1954 wanavijiji walisongamanishwa katika vijiji vilivyolindwa, na handaki la urefu wa maili 50 likachimbwa kando ya msitu wa Mlima Kenya ili chakula na mahitaji mengine yasiingie. Kila kiberiti ambacho hakikuvuka handaki hilo kiliongeza thamani ya aliyejua kutunza kaa.

Neno lililokosekana

Sasa nije kwenye lugha, ambako ndiko nyumbani kwangu. Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, anayefasiri vitabu vya mafunzo, alinipigia simu akiwa amekwama. Kitabu alichokuwa nacho kiliwafunza vijana kupiga kambi milimani, na kilitenga hatua tatu: kitu laini kinachopokea cheche, vijiti vyembamba, kisha kuni zenyewe. "Mwalimu," akasema, "ya pili na ya tatu ninazo. Hii ya kwanza niiite nini?"

Nilimweleza kwanza kwa nini neno hilo la jumla halisikiki. Kiswahili kimezaliwa penye minazi. Mtu wa Pwani hakuhitaji jina la kundi zima, kwa kuwa kila kitu kilikuwa na jina lake: alisema leta makumbi, leta usumba, leta sufi, leta makuti makavu. Aliyesikia alijua kazi ni ya kuwasha moto. Kukosekana kwa neno la jumla si kukosekana kwa maarifa. Shida ilianza Kiswahili kilipopanda mlima. Kiliacha minazi yake nyuma, nao waliokiandikia kamusi walifanya kazi zaidi Mombasa, Rabai na Unguja kuliko Mau au Nyandarua. Mtarakwa ulipata kuingia katika Kiswahili kwa sababu mbao na nguzo zake ziliuzwa. Nyuzi za gome lake hazikuuzwa, basi hazikuingia.

Mwanafunzi huyo nilimpa kishika cheche, kwa mfano wa kizima moto na kifungua kinywa. Ni neno linaloeleweka na linafaa kwa kitabu. Lakini ningefurahi zaidi lingeshindwa na neno la mtu anayeifanya kazi hiyo kila wiki. Mrinaji asali wa Mau ana jina la bunda linalofuka analopanda nalo mtini. Ajuza wa Kirinyaga ana jina la nyuzi alizokuwa akizificha kwenye itara. Kiswahili hakina aibu ya kuazima. Kiliazima kibrit wala hakikupungukiwa.

Wakati huohuo, moto tunaoutumia sana katika Kiswahili cha leo ni ule wa ubaya. Kuchochea kulikuwa kusogeza kuni ili moto usilale. Leo mchochezi hufikishwa mahakamani. Kukoleza kulikuwa kuupa moto nguvu. Leo tunakoleza uhasama. Kupekecha, kazi ile ya subira na viganja, sasa ni kutia watu fitina. Vitenzi hivi vimebaki midomoni baada ya kazi zake kutoweka, nasi tunamfahamu anayewasha nchi kuliko anayewasha meko. Lugha isiyotajia moto ila maangamizi itawafunza watoto kwamba moto ni maangamizi tu.

Kuna jambo zito zaidi ya istilahi. Ujuzi wa ukavu haukai kitabuni. Hukaa msituni, pamoja na watu walio na haki ya kuwa humo. Mei 26, 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua kuwa Kenya ilikiuka haki za Waogiek kwa kuwafurusha kutoka Mau, na Juni 23, 2022 ikatoa uamuzi kuhusu fidia. Mahakama haikukubali hoja kwamba kuwaondoa kulikuwa kwa ajili ya kuuhifadhi msitu. Tunapoijadili kesi hiyo tunazungumzia ekari na hatimiliki, na ni sawa. Lakini familia ikihamishwa kutoka penye mitarakwa hadi penye lami, mtoto hanyimwi ardhi peke yake. Ananyimwa tawi la kuvunja na kusikiliza mlio, gome la kuchuna, na babu wa kumwambia asipulize kwa nguvu. Kizazi kimoja kinatosha. Baada ya hapo majina hubaki kamusini kama ulindi, na darasa zima litajibu kuwa ni kazi ya mlinzi.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa mtaala wa umilisi, ambao tayari wanawataka wanafunzi wafanye kazi za mikono, mambo mawili mepesi. Mvua ijayo, wawatume watoto wakawaulize wazee wa nyumbani wanaitaje kile kitu cha kwanza kushika cheche, kwa lugha yoyote ya nyumbani, na wayaandike majina hayo pamoja na jina la mti. Kisha, chini ya uangalizi wa mtu mzima na mahali salama, wajaribu kuwasha moto mmoja mdogo kwa gome na vibanzi vilivyotafutwa kunyesha kukiwa kumeanza. Wengi watashindwa mara ya kwanza. Watakaposhindwa, wataelewa kwa nini sentensi ile ya vijiti viwili haikutosha, na watakuwa na swali la kumpelekea babu kabla ya kuni zake za mwisho hazijalowa.